Kisogo cha Mwezi: Juu ya Kuzunguka na Kujizungusha

Lugha ya Kiingereza ina vitenzi viwili, "rotate" na "revolve", ambavyo wasemaji wake wenyewe huvichanganya kila siku, ingawa wanafalaki wamejitahidi kuviwekea mpaka. Cha kwanza kinatokana na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, nacho kimetengwa kwa kitu kinachojizungusha juu ya mhimili wake, yaani ule mstari wa kufikirika unaopita katikati ya kitu na ambao wenyewe hausogei. Cha pili kinatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubingirisha, nacho kimetengwa kwa kitu kinachokizunguka kitu kingine kwa kufuata njia iliyo nje ya hicho kinachozungukwa. Mpaka huo haujapata kusimama imara. Bastola ambayo kwa Kiingereza ina jina linalotokana na kitenzi cha pili ina silinda ya risasi inayojizungusha papo hapo ilipo, na milango ya hoteli inayoitwa kwa jina hilohilo haikizunguki kitu chochote, bali inageuka juu ya nguzo yake. Hata Copernicus, katika jina la kitabu chake cha mwaka 1543, alitumia neno la Kilatini lililozaa kile kitenzi cha pili, ilhali alichokuwa akikieleza ni kujizungusha kwa matufe ya mbinguni, ambayo wanafalaki wa kale waliamini kuwa yanazibeba sayari kama pete inavyobeba kito chake. Tufe likijizungusha, sayari iliyopachikwa ndani yake huzunguka. Mwendo ni mmoja, na jina lake linategemea ni nani anayetazamwa.

Kiswahili hakikutunga maneno mawili, na pengine ndiyo sababu kinalifikisha suala hili mbali zaidi, kwani kitenzi "zunguka" hulazimika kusema, kwa viambishi vyake, ni nani anayezungukwa. Dunia hujizungusha, na kiambishi "ji" kinatangaza kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Dunia hulizunguka jua, na kiambishi "li" kinanyoosha kidole nje, kwa mwingine. Tofauti ambayo Mwingereza huifuata katika kamusi, Mswahili huitamka ndani ya kitenzi bila kuifikiria, mradi tu asikimbilie nomino, kwa maana neno "mzunguko" hufuta viambishi vyote, na vitabu vya jiografia vya shule hulazimika kuongeza maelezo, mzunguko wa dunia katika mhimili wake na mzunguko wa dunia kulizunguka jua, ili mwanafunzi asichanganye chanzo cha usiku na mchana na chanzo cha majira ya mwaka. Swali hilo la nani anayezungukwa, ambalo kwa mwanasarufi ni dogo, kwa mwenye kuabudu ndilo swali lenyewe.

Pia ya mtoto, iliyozungushiwa uzi na kurushwa sakafuni, husimama juu ya ncha yake ikavuma, na rangi zilizopakwa ubavuni mwake zikachanganyika kuwa mkanda mmoja usio na mwanzo. Kila sehemu yake inakwenda mbio ilhali pia yenyewe haijakwenda popote. Kwa upande mwingine, katika miji ya pwani kama Unguja na Lamu, mafuta ya ufuta yalikamuliwa zamani kwa vinu vilivyoendeshwa na ngamia, ambaye mara nyingi alifunikwa macho, akafungwa kwenye boriti lililoshika mchi, akatembea saa baada ya saa kukizunguka kinu asichokiona. Pia ina mhimili, nao umo ndani yake. Ngamia ana kitovu, nacho ki nje yake. Kufikia hapo hakuna la kubishaniwa. Ugumu huanza pale kitu kimoja kinapofanya yote mawili kwa wakati mmoja na kwa kipimo kilekile, na mfano mkubwa wa jambo hilo uko juu ya vichwa vya watu wote tangu wanadamu walipoanza kuinua macho.

Mwezi huionyesha dunia uso uleule. Madoa meusi ambayo watoto wa kila kizazi wamefundishwa kuyaona kama umbo la mtu au mnyama hayahami kwenda upande wa pili, na kisogo chake hakikuonwa na jicho la kiumbe yeyote wa duniani hadi Oktoba 1959, chombo cha Kisovieti cha Luna 3 kilipokipiga picha. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu mbingu, aliitumia hali hii kama hoja: nyota na sayari, alisema, hazibingiriki, kwa kuwa kinachobingirika hugeuza pande zake zote, na mwezi haufanyi hivyo. Hitimisho lake linavutia kwa sababu linaingia akilini kwa urahisi mno. Mwaka 1856 mkaguzi wa shule huko Uingereza, Jelinger Symons, alizusha mabishano makali hadharani kwa kudai kwamba mwezi haujizungushi kamwe na kwamba vitabu vyote vinavyosema kinyume vimekosea, na mwaka 1919 Nikola Tesla, mtu ambaye elimu yake ya mashine za umeme ilikuwa imeshabadilisha maisha ya mamilioni, aliandika kuutetea msimamo huohuo. Haifai kuwacheka watu hawa. Walichokikosa si hesabu. Walikosa kuuliza ni nani aliye shahidi wa mwendo.

Jambo hili laweza kujaribiwa ndani ya chumba chochote chenye meza katikati. Mtu akiizunguka meza huku kifua chake kikielekea dirisha wakati wote, akawa anatembea mara kwenda mbele, mara kwa ubavu, mara kinyumenyume, basi aliyeketi mezani ataona kwa zamu uso wake, bega lake, mgongo wake na bega la pili; huyo ameizunguka meza bila kujizungusha hata kidogo. Akiizunguka tena, safari hii akiwa ameigeuzia meza uso hatua kwa hatua, aliyeketi ataona uso peke yake na ataapa kwamba mtu yule hakugeuka. Lakini kuta nne za chumba zitashuhudia vingine, kwa kuwa uso ule umeupitia ukuta wa dirisha, ukuta wa mlango, ukuta wa kabati na ule wa nne, hadi ukarudi ulipoanzia. Mwezi ni mtu wa mara ya pili. Kwa kipimo cha nyota, ambazo ndizo kuta za chumba kile kikubwa, unachukua takriban siku 27.3 kuizunguka dunia, na siku zizo hizo kujizungusha mara moja juu ya mhimili wake, na usawa huo wa vipimo viwili ndio unaoufanya mwendo mmoja uufiche mwingine. Anayezungukwa ndiye pekee asiyeweza kuona kwamba anayemzunguka anageuka.

Kama usawa huo ungekuwa kamili kwa kila dakika, kuutenganisha mwendo mmoja na mwingine kungebaki kazi ya akili tupu. Lakini njia ya mwezi si duara kamili, ni duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo, na mwezi hukimbia zaidi unapoikaribia dunia na kupunguza kasi unapokuwa mbali, ilhali kujizungusha kwake hakukawii wala hakuharakishi. Kwa hiyo miendo hii miwili hupishana kidogo kila mwezi, mmoja ukautangulia mwingine kisha ukangojewa, na anayetazama kutoka duniani huuona uso wa mwezi ukitikisika polepole, kana kwamba unakataa jambo kwa upole. Newton aliieleza sababu hiyo katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687. Kwa mtikisiko huo, pamoja na mingine midogo, macho ya duniani hupata kuiona si nusu ya mwezi tu bali takriban asilimia 59, sehemu kwa sehemu. Ni katika kupishana huko, na si katika kulingana, ndipo palipofichuka kwamba miendo ilikuwa miwili tangu mwanzo.

Kuchanganya miendo hii kuliwahi kumgharimu Copernicus mwenyewe. Alipoitoa dunia katikati na kuipa nafasi ya sayari, hakuipa miendo miwili bali mitatu: wa kwanza wa kila siku juu ya mhimili, wa pili wa kila mwaka kulizunguka jua, na wa tatu wa kuurudisha mhimili nyuma polepole, mwaka mzima, ili uendelee kuelekea upande uleule wa anga. Mwendo huo wa tatu aliuhitaji kwa sababu alikuwa bado akiifikiria dunia kama kito kilichopachikwa katika pete, na kito cha pete hakiwezi kuzunguka bila kugeuka pamoja na pete. Bila mwendo wa tatu, mhimili ungeinamia jua daima kwa namna ileile, na majira ya mwaka yangetoweka. Galileo, katika kitabu chake cha majadiliano cha mwaka 1632, aliuondoa mwendo huo kwa bakuli la maji. Mtu ashike bakuli mbele yake, mpira uelee majini, kisha ajizungushe juu ya nyayo zake: mpira utaonekana ukijizungusha kinyume chake ndani ya bakuli, lakini akiulinganisha na kuta ataona kwamba mpira umetulia tuli, na kinachozunguka ni yeye, bakuli lake na mikono yake. Kilichodhaniwa kuwa mwendo kilikuwa utulivu. Dunia haihitaji mkono wa kuushikilia mhimili wake, kwa kuwa kuzunguka peke yake hakumgeuzi anayezunguka. Ni lazima ageuzwe, au ajigeuze.

Kwa njia hiyohiyo dunia huficha hesabu moja ambayo wengi huishi bila kuijua. Mwaka una siku 365 na robo, lakini katika mwaka huo dunia hujizungusha mara 366 na robo, kila mara kwa saa 23 na dakika 56, na ile mara moja iliyozidi humezwa na kulizunguka jua, kwa sababu mpimaji wa siku ni jua lenyewe, yaani yule anayezungukwa.

Falsafa nayo imeteleza hapa. Kant, katika dibaji ya mwaka 1787 ya toleo la pili la uhakiki wake wa akili, aliilinganisha kazi yake na ya Copernicus, na tangu hapo wasomi wamekuwa wakirudia kwamba alifanya mapinduzi ya Kikopernikasi, huku wengine, Bertrand Russell akiwa mmoja wao mwaka 1948, wakilalamika kwamba alifanya kinyume chake, kwa kuwa Copernicus alimwondoa mwanadamu katikati na Kant akamrudisha. Lalamiko hilo linazungumzia kitovu, yaani nani anamzunguka nani. Kant hakutaja kitovu. Alitaja mtazamaji anayejizungusha huku nyota zikiwa zimetulia, yaani mwendo wa kila siku wa dunia juu ya mhimili wake, na maana yake ilikuwa kwamba baadhi ya tunayoyaona katika vitu hutokana na jinsi sisi tunavyoviona. Mtu aweza kumkatalia Kant, lakini amkatalie kwa mwendo alioutaja. Inafaa kuongezwa hapa kwamba neno la Kiswahili "mapinduzi" halina duara ndani yake, kwani latokana na kupindua, kuweka juu chini kama mtumbwi unavyopinduliwa, ilhali lile la Kiingereza lilianzia angani na lilibeba maana ya kurudi pale pale. Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu mapinduzi, alionyesha kwamba wale waliolitumia kwa matukio ya Uingereza ya 1688 walidhani wanarudisha haki za kale, si kuanzisha jambo jipya.

Dini zinazotokana na Ibrahim zimelitia neno la kugeuka katikati ya mafundisho yao. Kitenzi cha Kiebrania kinachofasiriwa kuwa kutubu kina maana ya kurudi, na toba ya Kiarabu, iliyoingia katika Kiswahili ikiwa na jina lake, nayo mzizi wake ni kurudi. Kigiriki cha Agano Jipya kinatumia maneno mawili, moja la kubadili nia na jingine la kugeuka mwili mzima, na katika mlango wa tatu wa Matendo ya Mitume yote mawili yamewekwa pamoja katika amri moja, jambo linaloashiria kwamba mwandishi hakuyaona kuwa kitu kimoja. Plato naye, katika kitabu cha saba cha Jamhuri, alisema kuwa kama vile jicho lisivyoweza kutoka gizani kuielekea nuru bila mwili wote kugeuka nalo, ndivyo na kipawa cha kujua kisivyoweza kuelekea kilicho chema bila nafsi nzima kugeuka. Huko ni kujizungusha, wala si kuzunguka: mfungwa wa pangoni aliyetajwa na Plato hageuzwi kwa kupelekwa mahali, anageuzwa hapo hapo alipokaa, na safari huja baadaye.

Historia ya Uislamu ina tukio linaloonyesha jambo hili kwa mwili mtupu. Katika mwaka wa pili wa Hijria, yaani 624, kibla cha sala kilihamishwa kutoka Baitul-Makdis kwenda Makka, na riwaya zinasimulia kwamba kulikuwa na waumini Madina waliopata habari hiyo wakiwa ndani ya sala, nao wakageuka kabla ya kuimaliza. Kwa aliye Madina, mji wa kwanza uko kaskazini na wa pili uko kusini. Waliogeuka hawakwenda Makka siku ile. Hawakulisogelea jengo la Kaaba hata kwa maili moja. Na bado waliona, kwa haki, kwamba wamefanya jambo kubwa. Miji ya pwani ya Afrika Mashariki, iliyopangwa karibu kabisa na mstari mmoja wa longitudo na Makka, iliichukua ibada hiyo ya kuelekea ikaifanya kuwa dira, hata "kibla" katika Kiswahili cha pwani likawa jina jingine la kaskazini.

Ni Plotinus, mwanafalsafa aliyefundisha Roma na kufariki mwaka 270, aliyeyaweka kuelekea na kuzunguka mahali pamoja na kuyatenganisha kwa uwazi ambao haujapitwa. Nafsi zote, alifundisha, humzunguka yule Mmoja ambaye vyote vyatoka kwake, nazo haziwezi kuacha kumzunguka, kwa maana zikiacha zitakuwa zimekoma kuwapo. Lakini si nyakati zote zinamtazama. Alizifananisha na kundi la waimbaji waliomzunguka kiongozi wao: wapo mahali pao, duara halijavunjika, na bado mmoja aweza kugeuza uso nje kwa watazamaji na wimbo ukaharibika, akigeuka ndani huimba vizuri, na hapo ndipo anapokuwa kweli pamoja na kiongozi. Uzito wa mfano huu uko katika yale usiyoyasema. Haukusema kwamba mwimbaji aliyepotea amekwenda mbali. Umbali wake na kitovu haujabadilika hata kwa hatua moja. Kilichobadilika ni uso, na uso hugeuzwa kwa kujizungusha. Kwa hiyo mtu aweza kulizunguka hekalu, kanisa au msikiti maisha yake yote, kama yule ngamia wa kinu, na akafa bila kuona alichokuwa akikizunguka.

Kwa upande wa pili, kujizungusha kusiko na kitovu cha nje ndiko hasa walimu wa dini walikokuogopa. Luther, katika mihadhara yake kuhusu Waraka kwa Warumi aliyoitoa Wittenberg mwaka 1515 na 1516, alimweleza mwanadamu mwenye dhambi kuwa ni kiumbe aliyejipinda ndani kujielekea mwenyewe, na akaongeza jambo la kutisha, kwamba mtu wa namna hiyo hujitafuta katika kila kitu hata katika Mungu, akimtaka Mungu kwa ajili ya faida zake. Hapo kitovu kimepinduliwa: mwabudu amekuwa kama pia, na anachodai kukizunguka amekifanya kimzunguke yeye. Hali hii ni ngumu kutambulika kuliko uasi wa wazi, kwa sababu maneno yote ya ibada yamebaki mahali pake, na ni kiambishi kimoja tu kilichobadilika.

Inaweza kudhaniwa basi kwamba mwendo mmoja ni wa haki na mwingine ni wa dhambi, na hapo makosa huanza upya. Katika sema, yaani ibada ya kuzunguka ya tarika ya Mawlawiyya iliyotoka Konya, alikozikwa Jalaluddin Rumi aliyefariki mwaka 1273, kila darwishi hufanya miendo yote miwili kwa pamoja: anajizungusha juu ya mguu wake wa kushoto huku akiuzunguka ukumbi pamoja na wenzake, mkono wa kulia ukiwa umeinuliwa kiganja juu na wa kushoto umeelekezwa chini. Katika mafunzo, mguu wa kushoto huitwa kwa neno la Kituruki lenye maana ya nguzo, na wa kulia huitwa gurudumu. Anayejifunza huanza na nguzo, kwa kuwa asiye na mhimili hawezi kushika nafasi yake katika duara. Kizunguzungu humwangusha, na akianguka huwaangusha na wenzake. Kujizungusha si uovu. Kunakuwa uovu pale kunapokuwa ndiko peke yake.

Basi kuna kitu gani katika tawafu, ambayo ndiyo ibada ya kuzunguka iliyo maarufu kuliko zote? Haji huizunguka Kaaba mara saba, akianzia kwenye Jiwe Jeusi na kumalizia hapo, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, na vitabu vya fikihi ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, vinaweka sharti ambalo mwanafalsafa yeyote angetamani kuwa alilitunga yeye: Kaaba iwe upande wa kushoto wa anayezunguka muda wote, naye akienda mbele. Hatua aliyoipiga hali ameielekea Kaaba kwa kifua haihesabiwi, wala ile aliyoipiga akiwa ameipa mgongo. Kwa maneno ya kifalaki, haji ameamriwa kuwa kama mwezi, ubavu uleule ukielekea kitovu kilekile, na kwa hiyo kila anapomaliza mzunguko mmoja amejizungusha mara moja kamili bila kuhisi, na alipomaliza saba amejizungusha mara saba. Wako wahubiri wanaopenda kutaja kwamba mwezi nao, ukitazamwa kutoka juu ya ncha ya kaskazini, huzunguka kwa upande huohuo. Lakini imani haihitaji kuegemea hapo, kwani anayetazama kutoka ncha ya kusini ataona kinyume. Kilicho kizito ni sharti lenyewe. Anayemzunguka mwingine bila kumpa mgongo analazimika kugeuka, kidogo kidogo, kwa kila hatua, na kugeuka kwake hakuonekani na yule anayezungukwa wala hakumtii kizunguzungu, kwa kuwa kumegawanywa katika mwendo mzima.

Mwezi haukuanza ukiwa hivyo. Wanafalaki wanafundisha kwamba zamani ulijizungusha kwa kasi kubwa zaidi, na kwamba mvuto wa dunia, uleule ambao mwezi huirudishia dunia kila siku na ambao wavuvi huuona katika maji kupwa na kujaa, na kwa nguvu zaidi wakati wa bamvua, uliinua mwamba wa mwezi ukawa na tuta, ukalivuta tuta hilo kila lilipopita, na kwa msuguano huo ukaupunguza ule mzunguko wa ndani hadi ukalingana na wa nje. Tangu hapo mwezi haujaacha kujizungusha. Umeacha tu kujizungusha kwa ajili yake. Na dunia haikubaki salama katika jambo hili, kwa sababu mwezi unairudishia breki hiyohiyo, siku zinarefuka kwa kiasi kisichohisika katika maisha ya mtu mmoja, na mwezi unasogea mbali kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka, kipimo kilichopatikana kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa huko tangu 1969. Kuzungukana kwa muda mrefu hakumwachi yeyote kati ya wawili na mwendo aliokuwa nao.

Haji naye hamalizi kwa kuzunguka. Mzunguko wa saba ukifika kwenye Jiwe, anajitoa katika mkondo wa watu, huku mabega ya wengine bado yakimpita, anatafuta nafasi nyuma ya Makamu Ibrahim au popote msikitini patakapopatikana, na bega lililokuwa likielekea Kaaba njia nzima linaondoka hapo, kifua kinachukua mahali pake kwa robo ya duara, miguu inasimama, naye anasali rakaa mbili.